Bi Mwanarehema na Weusi Usiopitisha Jua
Na Phineas Mwang'ombe, idara ya useremala

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Mwanarehema Bakari anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika Karakana ya Mwangaza, hapa Bombolulu. Wengine tumeshaanza kumlilia. Yeye anauliza biriani itakuwa ya kuku au ya mbuzi.

Alianza kazi jikoni, akipika chai na kutukosoa salamu. Ukipita mbele yake bila shikamoo, chai yako huioni siku hiyo. Baadaye akahamia kwenye kuchapisha vipeperushi, na karakana ilipoanza kujitengenezea bodi za saketi kwa vifaa vya mafundi wetu viziwi, printa ikawa yake. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kazi yenyewe ni hii: mchoro wa saketi huchapishwa kwa wino mweusi juu ya plastiki angavu, plastiki ikalazwa juu ya bodi ya shaba iliyopakwa dawa, kisha vyote vikaanikwa juani chini ya kioo. Palipofunikwa na weusi, shaba hubaki. Palipopigwa na jua, dawa hulegea, na bodi ikichovywa kwenye tindikali, shaba ya hapo huliwa. Weusi ukiwa hafifu, jua hupenya na njia za shaba zinazopitisha umeme hukatika. Ndiyo maana Bi Rehema huinua kila plastiki dirishani, akafumba jicho moja na kuchungulia. Akiona mwanga hata wa tundu la sindano, huitupa huku akisonya.

Naye hukosea, jamani. Kuna Ramadhani moja alisahau kuugeuza mchoro kabla ya kuuchapisha, bodi ikatoka kinyume, kushoto kukawa kulia. Tulicheka hadi akatukataza, kisha akaitundika ukutani mwenyewe na kuapa, wallahi, kwamba lile ni pambo.

Mwaka 2019 lakini hatukucheka. Mwenzetu Quinter, fundi cherehani ambaye hasikii, alijifungua mtoto wa kwanza, na nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mtoto. Kwa hofu ya kutojua mtoto akilia, alikuwa akikesha ameketi, kiganja kifuani mwa mwanawe. Alitueleza kwa ishara kwamba amechoka, na hali ikiendelea hivyo ataacha kazi arudi kwa mamake Homa Bay. Tulikuwa tumembunia taa ya kumwamsha kwa mwanga mtoto anapolia, ila kila bodi ilitoka imeliwa. Wino ulikuwa mwepesi mno, na unyevu wa huku kwetu uliuchelewesha kukauka. Bi Rehema alibadilisha wino, akabadilisha plastiki, akagombana na printa mbele ya wageni. Wapi!

Jawabu alilipata kwake Shika Adabu, ng'ambo ya feri, akianua nguo. Mtandio wake mweusi ulipotandazwa, jua lilipenya. Alipoukunja, giza tupu. Kesho yake alivuka feri mapema, akachapisha mchoro uleule mara mbili, akaziacha plastiki zikauke vizuri, akazilaza moja juu ya nyingine hadi mistari ikaoana, akazibana kwa selotepu. Akainua, akachungulia. Hakusonya. Siku hiyohiyo bodi ilitoka nzima, mashallah, na Pascalia, fundi wetu wa kulehemu, akaimalizia taa kabla hata hajagusa chakula chake. Jioni Quinter akaondoka nayo.

Asubuhi iliyofuata Quinter alichelewa kazini, tukaanza kutazamana. Alipotokea, alikuwa na alama za mto shavuni. Akatueleza kwa mikono: mtoto alilia, taa ikamulika, nikaamka. Kuamka! Yaani alikuwa amelala. Bi Rehema alilia, nasi tukalia naye kwa furaha bila aibu.

Leo taa hizo ziko katika nyumba nyingi, Kisauni hadi Changamwe, na vijana aliowafundisha wanachungulia dirishani na kusonya vilevile kama yeye.

Bi Rehema, ahsante sana. Mungu akujaalie afya, raha na umri mrefu. Kuanzia Jumamosi usikimbilie feri tena. Lala, mama, hadi jua lipande. Kuna mama wengi wanaolala kwa sababu yako.