Gaffar Afunga Geji

Kijiwe chenyewe ni baraza moja ya simiti mdomoni mwa uchochoro wa Mji wa Kale, imeng'arishwa na vikoi na kanzu mpaka imekuwa laini kuliko meza ya ofisini. Mbele yake gari la Gaffar muuza mapazia lilisimama boneti wazi tangu kahawa ya kwanza. Mchana ule Gaffar alikuwa ampeleke bintiye Sanober huko Voi akaanze kazi ya ualimu, naye alikuwa ameapa mbele ya majirani kwamba mtoto atatoka kwao kwa gari la marehemu babu yake, si kwa basi. Ndipo akanunua geji ya presha ya oili, aijue afya ya injini kabla ya safari. Wenzake wa baraza wakamsaidia kuifunga, yaani walimmulikia kurunzi mchana kweupe na kumpa amri. Kwenye injini tundu lilikuwa moja tu, na lilikaliwa na swichi ya ile taa nyekundu ya oili. Wakaing'oa swichi, wakaitia ndani ya finjani, wakaunga geji mahali pake. Gari likawashwa na mshale ukapanda vizuri. Injini ilipopata moto, mshale ukashuka taratibu, ukalala karibu na sufuri. Gaffar akazima gari, akaja kuketi. Alikuwa na hofu na hakujaribu kuificha.

– Pampu imechoka, alisema Jamaldin, ambaye huitwa Kepteni kwa kuwa zamani alipaka rangi meli bandarini. – Mimi kwenye meli nimeziona nyingi.

– Ulikuwa nje ya meli wewe, na brashi, alisema Abdulbasit. Huyu ni Hakimu. Alikuwa tarishi wa mahakama, na hukumu zimembakia mdomoni. – Mimi naanza na shahidi. Geji hii yatoka wapi?

– Dukani, alijibu Gaffar.

– Dukani ilitoka wapi? Nchi ya baridi. Imezoea oili nzito. Hapa Mombasa oili ni nyepesi kama maji ya tambi, mshale wategemea nini? Shahidi hana uzito.

– Na jana nilipolijaribu bila geji, alisema Gaffar, lilikwenda vizuri mpaka Kibarani, likarudi.

– Basi, alidakia Kashif muuza ubani na dawa za miti, Daktari wa kijiwe. – Sikizeni niwape tiba. Mgonjwa akipimwa, mwili hubadilika. Mamangu akiona tu kile kitambaa cha presha cha kufungwa mkononi, vipimo vyaharibika. Gari hili halijapimwa tangu lizaliwe. Limeingiwa na haya.

– Chuma kina haya? Kepteni aliuliza.

– Chuma cha watu wenye heshima, kinayo.

Muuza kahawa akajaza mafinjani, akaizunguka ile moja iliyokaliwa na swichi, akanuna kidogo.

– Mimi naona geji imefungwa upande, alisema Kepteni. – Kila kitu hutaka kuteremka, na mshale ni kitu. Tuinamishe dashibodi.

– Tuliinamishe gari zima, alisema Hakimu. – Tulipandishe jeki kushoto.

– Hapana, alisema Daktari, na sasa akapunguza sauti. – Gari hili limekaa kisiwani umri wake wote. Limemchukua Sanober madrasa, likamchukua shule. Sasa laambiwa limpeleke Voi, limwache, lirudi tupu. Halitaki.

Gaffar aliutazama uso wa finjani yake. Neno lile lilikuwa la upuuzi mtupu, na lilimchoma, kwa kuwa yeye mwenyewe hakutaka, na hakuwa amemwambia mtu.

– Niwaambie kitu, alisema mwishowe. – Geji yasema uongo. Ile taa nyekundu haijawaka hata siku moja, tangu enzi za marehemu babangu. Injini ingekuwa na maradhi, taa ingesema.

– Hiyo ni hukumu, alisema Hakimu kwa furaha. – Taa ni shahidi wa zamani. Geji ni mgeni.

Kepteni alikuwa keshainuka kwenda kuing'oa geji, Sanober alipotokea na sanduku lake. Aliwaamkia wote, shikamoo moja moja, akaelezwa kesi tangu mwanzo, akachungulia ndani ya finjani.

– Baba, lile gari nililojifunzia udereva, ukizungusha ufunguo taa zote nyekundu zawaka kwanza, ndipo upige stata. Hii yetu ya oili, uliiona ikiwaka lini?

Gaffar akamtazama Kepteni. Kepteni akamtazama Hakimu, na Hakimu akaona bora anywe kahawa. Daktari alijikuna kidevu.

– Waya ukigusa chuma, taa lazima iwake, alisema Kepteni, sauti imemshuka.

Sanober akaingia garini, akazungusha ufunguo. Taa ya betri ikawaka, na ya breki. Kepteni akaushika ule waya uliokuwa wa swichi, akaugusisha kwenye chuma cha injini, akaugusisha tena. Mahali pa oili palibaki peusi.

Hofu iliyomkamata Gaffar sasa ilikuwa ya siku za nyuma: asubuhi zote zile, mtoto kiti cha nyuma na juzuu yake mapajani, na yeye akiendesha kwa amani, akiamini balbu iliyokufa.

– Basi mshale wasema kweli? aliuliza Daktari.

Muuza kahawa aliinamisha dele lake la kahawa, likatoa masimbi matupu, machicha ya mwisho. Akaitoa swichi kwenye finjani yake, akaiweka juu ya baraza, akaenda zake.

Gaffar akafunga boneti, akalichukua sanduku.

– Nikate tiketi ya basi, baba?

– Kata mbili.