Fundi na Macho ya Mkewe

Kwenye basi, kiti cha nyuma yangu, fundi seremala alipakata kopo la rangi ya manjano. Mama mshonaji aliyekaa naye akamuuliza anakwenda kupaka nini.

"Mlango wa choo, dada yangu. Mke wangu kumbukumbu zimemtoka. Mlango mweupe, ukuta mweupe, yeye anaona ukuta tu. Zulia jeusi la sebuleni aliliona shimo, akawa halikanyagi. Nimelitoa."

"Kaka, utageuza nyumba nzima? Mwelekeze taratibu, atazoea. Nyumba si ile ile?"

"Kwako ni ile ile. Mimi nilimgombeza weee, mpaka nilipokaa pale anapokaa, nikatazama anapotazama. Fundi miaka yote, kumbe nilikuwa natengenezea macho yangu."

Mimi nilijifanya nasoma gazeti, ingawa ukurasa sikuufunua.

"Bado nasema umwelekeze," mshonaji akashikilia.

Fundi akaligeuza kopo mapajani. "Jana nimerudi kutoka kazini, kaniamkia kwa adabu. Kaniuliza, 'Mzee, wewe ni mgeni wa nani?' Mlango nitaupaka, atauona. Mimi nijipake rangi gani?"

Basi likasimama, mshonaji akasogeza miguu kumpisha fundi ashuke.