Kabla ya Kubonyeza: Maisha ya Mwalimu Tryphena Wakio Mwachofi

Ndugu waombolezaji, humu mna kisa ambacho hakuna atakayekiamini, hasa kwa vile kimeandikwa na mjomba wa marehemu, Phineas, mkandaji wa Wusi, mtu aliyeiacha shule njiani darasa la nne na ambaye kila anachokipima huongezeka. Lakini marehemu alikipitia mwenyewe, penseli mkononi. Kilichobaki ni kile alichokiacha.

Tryphena Wakio alizaliwa Wusi tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ezra na Mama Loise. Mjomba aliandika kwamba siku hiyo mvua ya mawe iliangusha migomba yote ya Taita. Marehemu alifuta "yote ya Taita", akaandika "mitatu".

Alisoma shule ya msingi palepale Wusi, akamaliza sekondari mwaka 1979, kisha akasomea uhazili Mombasa hadi 1981. Alipiga taipu katika ofisi moja mjini Voi kwa miaka kumi na minne. Mwaka 1996 akaanza kufundisha Chuo cha Biashara cha Mwangaza, hapohapo Voi. Tarehe 6 Desemba 1986 alikuwa amefunga ndoa na Bwana Donald Mwachofi wa reli, wakajaliwa Mable na Hillary.

Mwaka 1998 chuo kilipata intaneti: kompyuta moja, waya wa simu, na viti kumi na viwili kuizunguka. Yale maandishi ya buluu ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka kwingine, mwalimu aliyaita viungo. Alifundisha hivi: weka mshale juu yake, usibonyeze, soma pale chini kwenye kioo uone kiungo kinakwenda wapi. Na ukitumiwa anwani fupi, ya herufi chache tu, jua nyuma yake kunaweza kuwa na ndefu usiyoijua. Muulize aliyekutumia. Asipojibu, iache.

Mjomba alisikia "viungo" na "kubonyeza", akatangaza sokoni Wundanyi kwamba mpwa wake anafundisha ukandaji chuoni. Wiki haikuisha, Mama Syombua wa Kishushe, aliyeanguka akishuka kwenye lori, akaletwa darasani akichechemea. Mjomba alikuwa nyuma yake, mikono imeshapakwa mafuta.

"Mwalimu, nimeambiwa wewe ndiye bingwa wa viungo."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Tryphena hakucheka. Alichuchumaa, akautazama ule mguu, hakuugusa.

"Mjomba, umeangalia?"

"Niangalie nini? Kiungo ni kiungo! Mimi nimenyoosha miguu ya watu kabla hujaota meno."

"Ukibonyeza usichokijua, hujui kitakupeleka wapi. Futa mikono."

Alimpeleka hospitali mwenyewe. Picha ilionyesha mfupa umevunjika. Daktari alisema ungekandwa siku ile, ungetoboa ngozi, na pengine mguu ungekatwa. Mama Syombua yuko nasi leo, amesimama pale karibu na ua, kwa miguu yake miwili.

Januari mwaka huu mwalimu alianza kuumwa mgongo. Mjomba alishuka Voi na chupa yake ya mafuta, akakaa nayo mapajani.

"Umeangalia, mjomba?"

"Bado, mama."

"Basi tukaangalie kwanza."

Wakaangalia Voi. Mwezi wa Aprili wakaangalia Mombasa. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshafika mifupani. Mjomba alirudi Wusi na chupa imejaa. Iko dirishani. Bado imejaa.

Aliaga dunia nyumbani Voi, Alhamisi tarehe 21 Oktoba 1999, saa tatu asubuhi. Chai yake ilikuwa mezani. Hakuna aliyeiondoa mpaka jioni.

Sehemu hii ya mwisho mjomba alimsomea kitandani Jumapili ya tarehe 17. Bwana Donald ameomba ichapwe kama ilivyosomwa, pamoja na pale mjomba alipokatizwa.

Ameacha mume wake, Donald. Watoto wake, Mable na Hillary. Mama yake, Loise. Na mjomba wake, Phineas, mkandaji anayejulikana hadi Mboghoni. Mungu amlaze pasipo maumivu, mwalimu huyu aliyefundisha kwa mkono wake mwenyewe wanafunzi elfu mbili, mia tatu na—

"Mjomba. Umeangalia?"