Paja Nililolificha Chini ya Kitenge

Ndugu zangu wa chama cha ingobyi, chama chetu cha kubeba wagonjwa kwa machela, kina mama na kina baba, niacheni kwanza nisimame hivi kidogo, bila kusema kitu.

Haya. Mmeona? Mguu wa kushoto ndio huo. Ninyi mnasimama kila siku wala hamshangai. Mimi kila nikisimama namshukuru Mungu, hata nikiwa nimesimama tu kumsubiri mteja anayepunguza bei.

Mwenyekiti ameniomba nitoe ushuhuda, akaniambia nisirefushe. Ananijua! Nitajaribu. Majina ya watu sitayataja, maana wengi wao wamekaa hapa, na hawapendi kusifiwa hadharani. Halafu Kiswahili changu ni cha Buyenzi, kule Bujumbura nilikokulia, kwa hiyo ninyi wa Tanzania mnivumilie.

Basi. Kazi yangu mnaijua. Pale Kimisagara, hapa hapa Kigali, nachonga imbabura, haya majiko ya mkaa mnayopikia maharage. Napasua pipa kuukuu la mafuta, nalinyoosha, nakata vipande, nakunja. Siku hiyo nilikuwa nakata bati, kipande kikaruka kikanichana pajani, juu kidogo ya goti, suruali ikatoboka. Mkwaruzo, jamani. Kuku angenichana zaidi. Nikamwagia maji, nikafunga kitambaa, nikaendelea na kazi. Fundi wa bati asiye na makovu ni fundi wa maneno.

Siku iliyofuata homa ikanipanda. Nikasema, malaria hiyo. Nani hapa hajawahi kusema hivyo? Nikameza kwinini, nikanywa maji, nikalala. Lakini lile paja likaanza kuuma, na nawaambia ukweli, halikuuma kama kidonda. Liliuma ndani, mbali, mahali ambapo hapakuonekana kitu. Ukitazama, unaona alama ndogo na wekundu kidogo. Ukiguswa na shuka, unataka kuruka dirishani.

Hapo ndipo penye hadithi yangu, ndugu zangu. Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua mtoto wetu wa kwanza wa kiume, na mama yake alikuwa ametoka kwao Gitarama kuja kumlea mzazi. Mabukwe, mama mkwe wangu. Ninyi Wanyarwanda wenzangu sihitaji kuwaeleza. Mama mkwe unamsalimia ukiwa umeinamisha macho. Akipita, unasogea. Sasa mimi nimuoneshe paja? Katika nyumba ya vyumba viwili? Heri kufa! Nikachukua kitenge cha mke wangu, nikajifunika kuanzia kiunoni, nikasema nasikia baridi.

Na kulia je? Wazee wetu wanasema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Basi nikayameza yote. Nikiulizwa habari, najibu, "Ni nzuri, imepungua." Mke wangu akiniambia, "Mbona unasaga meno?" namwambia nyamaza, mama atasikia.

Akanilazimisha niende zahanati. Nikaenda nikichechemea. Muuguzi akatazama ule mkwaruzo, akaniuliza, "Inauma sana, baba?" Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wanawake wenye watoto migongoni, wote wananitazama. Nikamjibu, "Kidogo tu." Akanipa vidonge vya kutuliza maumivu, akasema nikizidiwa nirudi. Asilaumiwe yule dada. Yeye aliuliza, na mimi ndiye niliyemjibu uongo.

Kesho yake ilikuwa siku ya kumpa mtoto jina. Wageni wamealikwa, pombe ya mtama iko tayari, watoto wa majirani wameletwa, kama mila yetu ilivyo, walime uani kwa vijembe vyao vya mchezo, wale chakula, halafu kila mmoja amtajie mtoto jina lake. Mnajua watoto. Mmoja alimwita Basi la Nyabugogo. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mwishoni ingekuwa zamu yangu, baba, nitoe jina lenyewe.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kitenge mapajani, jasho linanitoka. Asubuhi nilijifungia nikaangalia mguu. Ulikuwa umevimba, ngozi imekaza inang'aa, na pale kwenye mkwaruzo pamekuwa na rangi ya biringanya, na malengelenge yenye maji meusi. Lakini sikilizeni jambo la ajabu: maumivu pale yalikuwa yamekwisha! Nikabonyeza, sisikii kitu. Nikapiga magoti, nikashukuru. Nikasema, Mungu mkubwa, nimepona siku ya jina la mwanangu.

Nilikuwa nashukuru kwa kufa, ndugu zangu. Sikujua.

Jirani mmoja alikuwa anagawa chai ya maziwa, imetoka jikoni inachemka. Akajikwaa kwenye mkeka, kikombe kizima kikanimwagikia pajani. Akapiga yowe, "Yewe! Nimemuunguza baba wa mtoto!" Watu wakaruka. Mimi nimekaa. Natabasamu. Namwambia, "Hakuna neno, mama, hakuna neno." Mvuke unapanda kutoka kwenye kitenge.

Mabukwe alikuwa upande wa pili, mtoto mikononi. Alinitazama. Akamkabidhi mke wangu mtoto, akavuka chumba, na mbele ya wageni wote, wanaume kwa wanawake, akakifunua kile kitenge.

 Hata watoto wa uani wakaja kuchungulia mlangoni. Mimi nilifunika uso kwa mikono miwili, maana aibu ilinizidi kuliko ugonjwa. Nikasema, "Mabukwe, nisamehe." Akaniambia, "Nyamaza wewe." Akagusa pale palipokuwa peusi, akauliza, "Unasikia?" Nikasema hapana. Akapandisha kidole, akauliza tena. Hapana. Akapandisha tena mpaka karibu na kinena, mahali ambapo ngozi ilikuwa nzuri kabisa, haina doa, akabonyeza.

Nililia. Sisemi niliguna, nililia, kwa sauti iliyofika barabarani, wageni wangu wakinitazama. Machozi yote ya zile siku yalitoka kwa mara moja. Na yule mama akanishika kichwa akasema, "Lia, mwanangu. Lia tujue ugonjwa ulipofika." Kisha akageukia mlango akaita, "Ingobyi! Leteni ingobyi!"

Hapa ndipo mlipoingia ninyi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba mti wa ile machela miaka mingi, nimeshusha wazazi na wazee kutoka kule juu kwenye vichochoro ambako gari haliingii. Sikuwa nimewahi hata siku moja kulala ndani yake. Nawaambieni, mnatikisa! Ila hamkuniangusha. Mlipokezana mabega bila kusimama mpaka lami, mkasimamisha kamioneti ya vitunguu, mkanipandisha juu ya magunia. Kwenye kizuizi askari alifunua shuka, akalirudisha upesi, akasema, "Piteni, piteni."

Hospitali ilikuwa imejaa, si mnajua siku hizi zilivyo. Lakini daktari mpasuaji aliponiona hakuuliza kitanda kiko wapi. Alisema kwa Kifaransa, muuguzi akanifasiria, "Huyu aingie sasa hivi." Nikamuuliza, "Daktari, utanikata mguu? Mimi kazi yangu ni ya kusimama." Akanijibu, "Mguu sikuahidi. Nataka kwanza uhai." Mke wangu alikuwa pale na mtoto asiye na jina. Nikamtazama yule mtoto, nikasema, kata unachotaka.

Baadaye, nilipopata akili, nilimuuliza yule muuguzi aliyenifasiria ni ugonjwa gani huu. Una jina refu ambalo ulimi wangu umelikataa. Akanieleza hivi. Umewahi kuona buchani ule utando mweupe unaofunika nyama ya ng'ombe chini ya ngozi? Nasi tunao. Vijidudu viliingia kwa ule mkwaruzo, vikashuka mpaka kwenye utando, vikakimbia humo, vinakula, vinaua mishipa ya damu na ya fahamu, huku juu ngozi inaonekana nzima. Ndiyo maana mwanzoni maumivu yanakuwa makubwa na kidonda kidogo. Na maumivu yakikoma ghafla pasipo uponyaji, ni kwamba nyama imekufa.

Nikamwambia, dada, nimeelewa kuliko unavyofikiri. Mimi nanunua mapipa. Naona rangi nzuri, ina kipele kidogo kama punje ya dengu. Nakwangua, nakuta kutu imekula bati lote chini ya rangi. Hapo hupaki rangi mpya. Unakata mpaka ufike kwenye chuma kizima. Akacheka, akasema ndivyo daktari alivyofanya. Tena daktari alinirudisha chumba cha upasuaji si mara moja, kila akiona pembezoni panataka kufa, anakata tena. Dawa za mishipani zilining'inia usiku na mchana, lakini muuguzi aliniambia wazi, dawa peke yake haifiki kwenye nyama iliyokufa, maana damu haipiti huko. Lazima kisu.

Na daktari alijuaje pa kusimamisha kisu? Hili ndilo lililonitoa machozi mara ya pili. Daktari alisema siku ile kabla ya kunilaza usingizi alinibonyeza paja lote, na pale nilipolia, akaweka alama. Chini ya hapo alikuta nyama imekufa, juu yake akakuta bado kuna damu. Kilio changu kilimwonesha uhai ulipoanzia. Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humfichua, nao walikuwa wanasema kilio cha matanga. Mimi nimshukuru Mungu, nililia mwenyewe kabla ninyi hamjanililia.

Mguu ukabaki. Una bonde hapa unaweza kuweka ngumi, umewekewa viraka vya ngozi ya paja la pili, na baridi ikiingia unanikumbusha. Lakini ni wangu, na ninakunja bati nikiwa nimesimama.

Nawashukuru mliotoa damu, hata wewe uliyezimia ulipoiona sindano, tunakujua. Nawashukuru mliogemua, mlioniletea chakula hospitalini kwa zamu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akanenepa kwa isombe yangu, kisamvu changu. Namshukuru daktari yule na wauguzi waliofungua vidonda vyangu kila siku bila kuziba pua. Namshukuru mke wangu, mzazi aliyekuwa anahitaji kulelewa yeye, akageuka kunilea mimi. Na yule mama aliyevunja heshima mbele za watu, nimwambie nini? Yuko pale nyuma, anatazama chini. Sasa ni yeye anayeinamisha macho!

Ndugu zangu, somo langu si refu. Kidonda kidogo kikikuuma kuliko ukubwa wake, ukapata homa, uvimbe ukaenea upesi, ngozi ikabadilika rangi, usisubiri asubuhi ya pili. Nenda hospitali, na ukiulizwa kama inauma, usijibu kiume. Jibu kweli.

Nilisema sitataja majina. Nitataja moja tu. Nilipotoka hospitali nilimkuta mwanangu bado anaitwa "mtoto". Mabukwe alikuwa amekataa apewe jina baba hayupo. Alisema sherehe haijaisha, imesimama tu. Basi tukaketi tena, chai ikagawiwa, safari hii mbali na mimi, nikamwita Tuyishime, yaani tumshukuru Mungu.

Ndiye huyo mnayemsikia analia huko nyuma, na naona akina mama wanamziba mdomo kwa titi ili nimalize kusema. Hapana, jamani. Mimi nimemaliza. Mwacheni alie, halafu mmoja wenu amuulize anaumwa wapi.