Papa Casimir na Bolti ya Mkurugenzi

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu si nzuri. Nimetoka matangani na kinyaa kooni, nami sitakificha.

Papa Casimir Kalenga amefariki. Karatasi zake zilisema Kalenga tu, maana serikali ilifuta majina ya ubatizo. Lakini hapa Kalemie sote tulimuita Papa Casimir, fundi wa matanki ya maji ya moto. Miaka ishirini na sita alipanda mlima na sanduku lake la vyuma, kwenye zile nyumba walizojenga Wabelgiji.

Wala hakutengeneza tu akaenda zake. Alimwita mama wa nyumba, akamshikisha kila kitu. "Hii njo rezistansi, Mama, inachemsha maji. Hii termosta, inaiambia basi, inatosha. Na hii ya inje njo supape. Maji yakipata moto yanavimba, supape inatoa kidogo. Ikidondosha, usikasirike. Inakulinda." Mjane wake, Mama Émérence, anasema hata kanisani aliwaeleza watu supape, padri akingoja amalize!

Sasa kuna mkurugenzi mmoja. Jina lake silitaji, litachafua kipaza sauti. Supape yake ilidondosha bafuni, naye alingojea wageni wakubwa. Akamwamuru Papa Casimir aizibe.

"Citoyen Mkurugenzi, siwezi. Tanki itapasuka."

"Wewe ni fundi ao ni nabii? Toka!"

Akafukuzwa. Akaletwa mtu mwingine, akakaza bolti kwenye mdomo wa supape. Sakafu ikakauka. Wageni wakaoga, wakasifu nyumba.

Jumanne asubuhi termosta ikakwama. Mama Denise, mpishi wa nyumba ile, akafungua robine ya maji ya moto, ikatoka mvuke mtupu. Hakumkimbilia mkurugenzi. Alimkimbilia Papa Casimir, aliyekuwa kazini nyumba ya jirani. Naye, aliyefukuzwa kama mbwa, akaja mbio. "Mutoke wote inje!" Wakatoka, Mama Denise na wafuaji nguo wawili. Yeye akaingia kukata umeme. Tanki likapasuka.

Watatu walitoka wazima. Yeye alikufa Alhamisi, ngozi imembabuka mwili mzima.

Sikilizeni sasa uchafu wenyewe. Jana matangani mkurugenzi alisimama na karatasi, akasoma: "Marehemu alikosea kazi yake." Mbele ya jeneza! Hana haya hata kidogo. Mama Denise akasimama, akafungua fundo la kitenge, akaweka mezani ile bolti, aliyoiokota kwenye mabaki ya tanki. "Na hii, nani alisema waitie?"

Mkurugenzi aliichukua, akaitia mfukoni, akaendelea kusoma.

Ptu! Nisameheni, wasikilizaji.

Mama Émérence hakuniomba maua. Aliniambia, "Papa, useme kwenye redio: hakukosea." Nasema, hakukosea. Narudia, Papa Casimir Kalenga hakukosea. Pole sana, Mama. Poleni, watoto. Pole na wewe, Mama Denise, ambaye tangu jana huna kazi.

Na sisi, wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Pale matangani tulikuwa zaidi ya watu mia mbili. Wote tuliona bolti ikiingia mfukoni. Hakuna mwingine aliyesimama. Mimi nilikaa kiti cha mbele, karibu na huo mfuko, nikainamisha kichwa kana kwamba ninasali.