Mti wa Kumi na Saba

Kijiwe kiko ndani ya geti la bustani ya mji, chini ya mti mnene ambao Fundi Viatu anauita wake, maana marehemu baba yake, mtunza bustani, ndiye aliyeupanda. Asubuhi hiyo walikuta baadhi ya miti imeandikwa namba kwa chaki nyekundu. Wa Fundi ulipewa kumi na saba. Mama Kahawa akamimina, na Fundi akapokea kikombe roho ikiwa juu juu.

— Hizo namba za msumeno, — alisema Redio, ambaye hajawahi kukosa habari, hata isiyokuwepo.

— Nani kakwambia?

— Nyekundu ile huioni?

— Wanataka maegesho, — alidakia Mstaafu, tarishi wa zamani anayeongea kama waziri. — Hapa palikuwa makaburi. Faili lake nimelibeba kwa mikono hii.

— Ulilisoma?

— Lilifungwa kamba.

— Makaburi wapi! — Redio akang'aka. — Chini kuna handaki la vita, linatokea benki. Ndiyo maana wanaitaka mizizi itoke.

— Mzee wangu kachimba humu miaka thelathini, — Fundi alisema. — Handaki angelikuta.

— Alilishwa kiapo, ndugu yangu. Uliwahi kumsikia akilitaja?

— Hapana.

— Umeona sasa!

Fundi hakuwa na utani siku hiyo. Mti ule ndio kitu pekee alichoachiwa na baba yake, na hata huo si wake kwa karatasi. Akachukua dawa ya viatu ya kahawia, akaipaka juu ya namba mara mbili, akapiga brashi mpaka gome likang'aa.

— Waje sasa. Watakata upi?

Hawajamaliza kucheka, akaingia binti wa manispaa mwenye daftari.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Naorodhesha miti ya kubaki. Wenye namba hauguswi, usio na namba unakatwa kesho. Kumi na sita nimeuona, kumi na nane ule pale. Kumi na saba ni upi?

Redio akatazama ndani ya kikombe. Mstaafu akakohoa. Fundi akaficha vidole.

— Mama, ongeza kahawa, — alisema Redio.

— Imekwisha.

Fundi akapiga magoti na kitambaa chake, akasugua. Kahawia ikatoka. Nyekundu nayo ikatoka.

— Ni huu, mwanangu. Andika. Kaupanda baba yangu.

Binti akainama, akalitazama gome.

— Sawa, baba. Namba yake iko wapi?