Kikosi cha Kumpokea Kaka Jumbe

Benchi langu la kahawa liko Mkuza, na wanaolikalia sikuwakaribisha, wamehamia wenyewe. Mwishehe wanamwita Jenerali. Jeshi lake lote ni miaka sita ya kulinda geti la shule. Fabian ni Ramani, maana hasemi neno bila kuchora chini. Bilali, Betri, ndiye mwenye bajaji. Siku hiyo bajaji ilikuwa na kazi moja tu: saa nne ifike stesheni ya Soga kumchukua kaka yangu Jumbe, anatoka Morogoro kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja limefungwa kitambaa, la pili lilishakufa zamani. Betri aliapa kwa mama yake. Saa tatu wakafungua kwenye simu tangazo la gemu la vita linalotoka mwezi ujao. Nikajua leo nimekwisha.

— Hili si la kufyatua ovyo, akasema Jenerali. Ukikurupuka, umekufa. Mnapanga kwanza, mnaingia nyumba ya adui wanne wanne.

— Tuko watatu, akasema Ramani.

— Bi Sikuzani wa nne.

— Wa nne wa nini? Betri, saa tatu na nusu hiyo.

— Soga hapo tu, bibi.

Ramani akabeba vikombe vyangu, vimeoshwa sasa hivi, akavipanga mchangani.

— Hiki adui. Hivi vinne sisi. Hiki mateka.

— Hicho cha mteja, nikamwambia nikikiokota.

— Bibi, usihamishe mateka!

Jenerali akakohoa kama anahutubia.

— Mnajua limetengenezwa na wanajeshi wenyewe? Ukishinda wanakupigia, unaenda kambini moja kwa moja. Hawaulizi umri.

— Na kitambi hicho?

— Kwenye gemu hakionekani, bibi.

— Mie najua zaidi, akasema Ramani. Picha wamepiga kwa satelaiti. Mkuza yote imo, na benchi hili limo. Adui analipua hapa kwanza.

— Akilipua nitapumzika. Betri! Saa nne kasoro!

— Naondoka, bibi, ila tukubaliane nani anabeba majeruhi. Kwenye hili gemu mwenzako akianguka humwachi. Mkimwacha, mmeshindwa wote.

— Mimi simwachi mtu! Jenerali akajipiga kifua, akaenda kukaa ndani ya bajaji, eti hicho ndicho kifaru.

Betri akashusha sauti.

— Halafu gemu lenyewe linasikiliza kwenye simu zetu. Tukipanga hivi, adui ameshasikia. Zimeni zote.

Wakazima, watu wazima na ndevu zao. Mie simu yangu iko kwa fundi wiki ya pili, na namba niliyompa Jumbe ni ya huyo huyo Betri.

— Washa hiyo simu!

— Mpango utavuja, bibi.

Nilitukana mpaka nikaishiwa, na matusi ya kwetu Kisarawe si machache. Wakawa wanabishana mlango wa mbele au wa nyuma.

Saa tano ikapita. Pikipiki ikasimama mbele yetu, imebeba mshikaki: dereva, kaka yangu Jumbe na kitambaa chake, na nyuma yake binti amemshika kiuno asianguke.

— Shikamoo, bibi. Naitwa Stellamaris. Mzee huyu nimemkuta stesheni, abiria wote wameshaondoka. Kila injini ikipita anasimama. Amepiga simu mara tisa.

— Marahaba, mwanangu.

Akaitazama bajaji, akamtazama Jenerali aliyejaa humo ndani.

— Kwani hapa hakuna mwenye usafiri?

Ramani akainamia mchanga wake. Betri akawa anabonyeza simu iliyozimwa. Jenerali alitaka kushuka, tumbo likagoma kwenye usukani.

Jumbe akapapasa benchi, akakaa. Nikakifuta vumbi kwa kanga kile kikombe cha mateka, nikammiminia Jumbe kahawa.

Betri akanyoosha kikombe chake.

Nikaligeuza birika mdomo chini, mbele ya macho yake, likadondosha machicha.